Kazi Imekwisha Lini? Namna ya kuandika mkataba kati ya mteja na fundi anayejitegemea

Ugomvi mwingi kati ya mteja na fundi hauanzi na wizi. Huanza na watu wawili waaminifu waliokubaliana haraka, kila mmoja akiwa na picha yake kichwani. Chukua mfano wa mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, ambaye sasa anataka chombo chake mwenyewe. Anamfuata fundi mitumbwi kule Igombe. "Fundi, nataka mtumbwi wa futi thelathini." "Hakuna shida mama. Milioni nne na nusu, mwezi mmoja unauchukua." Mama anatoa milioni mbili za kuanzia, wanaagana kwa furaha. Kwa mama, bei ile imebeba mbao, misumari, pamba ya kukalafati (kuziba mianya ya mbao), rangi na vijana wa kuushusha mtumbwi majini. Kwa fundi, bei ile ni mbao na ufundi. Rangi na kushusha ni juu ya mwenye chombo. Mwezi unakatika, mtumbwi umekaa juu ya magogo bila rangi, na kila mmoja anamwona mwenzake tapeli.

Hakuna tapeli hapo. Kuna swali ambalo halikuulizwa: kazi imekwisha lini, na tutajuaje kwamba imekwisha?

Mikataba mingi ya namna hii ninayoiona ina kasoro moja inayojirudia. Inaeleza watu kwa ukurasa mzima: majina matatu, kabila, makazi, namba za vitambulisho, mashahidi wanne. Kisha kazi yenyewe inapewa mstari mmoja, "Fundi atamtengenezea Mteja mtumbwi." Mimi ningegeuza uwiano huo. Watu wapewe mistari michache, kazi ipewe ukurasa. Mwajiriwa huuza muda wake, lakini fundi anayejitegemea huuza kazi iliyokamilika, na kama karatasi haisemi ukamilifu ni nini, basi haijasema kimenunuliwa nini. Malipo, ucheleweshaji, kazi ya ziada, kasoro, hata kuvunja mkataba, vyote vinaning'inia kwenye jibu la swali hilo.

Sheria inadai machache

Kwa Tanzania Bara msingi ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 na ambayo sehemu kubwa imefuata sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 10 kinasema makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa ridhaa ya hiari, na watu wenye uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Basi. Kwa kazi kama ya mtumbwi, makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba kamili. Udhaifu wake ni ushahidi, maana siku mkitofautiana kila mmoja atakumbuka kilichomfaa.

Watu huuliza kama meseji za WhatsApp zina maana yoyote. Zina maana kubwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba na ushahidi wa kielektroniki, kwa hiyo bei iliyotajwa kwenye meseji na jibu la "sawa, nimekubali" si porojo. Usizifute. Wala usiogope kuandika kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na mkataba ambao pande zote mbili zinauelewa ni bora kuliko ule wa Kiingereza ulionakiliwa kutoka intaneti ukiwa na vifungu vya nchi nyingine.

Jambo moja la kisheria lisipuuzwe: makubaliano ambayo maana yake haijulikani na haiwezi kujulikana ni batili. "Mteja atamlipa Fundi vizuri kazi ikipendeza" ni nia njema tu. Hakimu hana cha kushika.

Je, anajitegemea kweli?

Kabla ya kuandika chochote, suala hili lipate jibu la kweli, kwa sababu wengi wenye biashara hudhani jina la karatasi ndilo linaloamua. Mwenye kambi ya uvuvi anachapisha karatasi yenye kichwa "Mkataba wa Fundi Huru," anampa kijana anayetengeneza injini zake. Kijana anafika saa mbili asubuhi, anaondoka saa kumi na moja jioni, spana ni za bosi, hana mteja mwingine, na akitaka kwenda msibani anaomba ruhusa. Mbele ya sheria za kazi, kichwa cha karatasi hakimsaidii bosi huyo.

Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, imeweka dhana kwamba mtu anayemfanyia mwenzake kazi ni mwajiriwa, hata mkataba uitwe jina gani, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Inatosha jambo moja tu kati ya haya liwepo: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, kama anaifanyia kazi taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au anamhudumia mtu mmoja tu. Tazama hiyo ya saa 45. Ni saa kumi na kidogo kwa wiki. Fundi anayepita kambini kila siku kwa saa mbili tayari ameigusa.

Hapa kila upande una cha kupoteza. Mwajiriwa ana likizo ya mwaka ya siku 28, ana haki ya notisi, anachangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara, analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi akiumia kazini, na akifukuzwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Aliyedhani ameokoa gharama kwa kumwita kijana "fundi huru" anaweza kukuta deni la miaka. Upande wa pili, kijana anayekubali jina hilo bila kujua huenda asiudai ulinzi wote huo, na akikatwa kidole na injini akajitibu mwenyewe.

Rai yangu ni hii: ukimhitaji mtu kila siku, chini ya maelekezo yako, mpe ajira. Mkataba wa fundi anayejitegemea ni wa kazi yenye mwanzo na mwisho. Kama ni kazi ya aina hiyo kweli, karatasi iseme wazi kwamba fundi anatumia vifaa vyake, anapanga saa zake, yuko huru kuchukua kazi za wateja wengine, na anaweza kuleta wasaidizi. Halafu mteja aishi hivyo. Ukiandika kwamba fundi anapanga saa zake, kisha kila asubuhi unampigia simu kumuuliza kwa nini hajafika, umeanza kuufuta mkataba wako mwenyewe.

Wasaidizi wa fundi ni eneo linalosahaulika. Vijana wawili wanaoshika mbao wameajiriwa na nani? Iandikwe kwamba ni wa fundi, yeye ndiye anayewalipa na kuwajibika kwao wakiumia, na kwamba mteja hatadaiwa posho zao. Mteja naye asiwape kazi moja kwa moja wala kuwalipa mkononi.

Kuiandika kazi yenyewe

Sasa turudi kwa mama wa Mwaloni, tuiandike kazi yake kama inavyostahili.

"Fundi atatengeneza mtumbwi mmoja mpya wa mbao, urefu futi 30, upana wa katikati futi 6, kwa mbao zenye unene wa inchi 1 za aina iliyotajwa katika orodha iliyoambatanishwa. Bei inajumuisha mbao, misumari, pamba, kukalafati, rangi makoti mawili ndani na nje, na kuushusha mtumbwi majini. Bei haijumuishi injini, taa, nyavu, nanga wala gharama za usajili na leseni ya chombo."

Sentensi ya mwisho, ile ya "haijumuishi," ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Watu huona haya kuiandika, kana kwamba wanatafuta ugomvi. Lakini rangi ile iliyowagombanisha ingemalizwa hapo, siku ya kwanza, kwa dakika mbili, kabla hela haijatoka. Mkiwa mnaiandika, mteja ataje kila kitu anachokitarajia na fundi aseme kipo ndani au nje. Mara nyingi bei hubadilika papo hapo, na hiyo ni faida kwa wote.

Kisha kipimo cha kumaliza. "Mtumbwi mzuri usiovuja" si kipimo, kwa sababu kila mtumbwi mpya wa mbao huvuja siku za mwanzo. Mbao zikikaa majini huvimba, zinabanana, na mianya inajifunga. Fundi yeyote anajua hivyo. Mteja mgeni hajui, anaona maji chini ya miguu yake siku ya kwanza na kukataa chombo kizima. Kwa hiyo andikeni:

"Mtumbwi utashushwa majini na kuachwa humo siku tatu. Baada ya hapo maji yote yatachotwa mbele ya Mteja na Fundi. Asubuhi inayofuata, maji yaliyoingia yasizidi ndoo moja ya lita 20. Yakizidi, Fundi atarudia kukalafati kwa gharama yake na kipimo kitafanywa upya."

Kama ni lita 20 au 10, hilo wataelewana wao wawili wanaojua chombo. La msingi ni kwamba jibu linatoka kwenye ndoo. Mteja hawezi kusema "sijaridhika tu," na fundi hawezi kusema "itajifunga yenyewe, mama" mwezi mzima.

Kwa upande wa fundi kuna hatari nyingine, mteja anayekimbia ukaguzi kwa sababu hana hela ya kumalizia. Dawa yake ni kifungu kifupi: baada ya Fundi kutoa taarifa kwa maandishi kwamba kazi iko tayari, Mteja ana siku saba za kukagua na kutaja kasoro zake kwa maandishi, siku hizo zikipita kimya, kazi itahesabiwa imepokelewa.

Fedha zifuate kazi

Zoea letu la nusu kwanza na nusu mwishoni ni baya kwa wote. Nusu ya kwanza ikishaliwa, fundi anabaki na kazi ndefu isiyo na hela, na ndipo anapochukua kazi ya mtu mwingine ili apate kianzio kipya. Mteja naye ameshatoa nyingi na hana cha kushika. Afadhali malipo yagawanywe kwa hatua ambazo mtu yeyote anaweza kuziona kwa macho. Kwa milioni nne na nusu, mfano ungekuwa 1,800,000 mbao zinaponunuliwa. 1,350,000 mkuku (uti wa chini wa mtumbwi) na mataruma (mbavu zake) yakishasimama na mbao za ubavuni zikishafungwa. 900,000 kipimo cha maji kikipita. Na 450,000 zilizobaki zikae kwa mteja siku 30 kama dhamana ya kasoro. Hatua isiwe tarehe. "Tarehe 15 atalipwa laki tano" inamlipa fundi kwa kalenda, na kalenda haijapigilia msumari hata mmoja.

Andikeni pia haki ya fundi kusimamisha kazi ikiwa hatua iliyokamilika haijalipwa ndani ya siku saba, na kutoukabidhi mtumbwi mpaka alipwe kinachostahili kulipwa siku ya kukabidhi. Hiyo ndiyo nguvu pekee aliyo nayo fundi mdogo.

Na mbao ni za nani wakati kazi inaendelea? Swali hili linaonekana la kitaalamu mno mpaka siku uwanja wa fundi unapowaka moto, au mdai wake anapokuja kukamata mali. Kanuni ya kawaida ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ni kwamba umiliki wa kitu kinachotengenezwa haumhamii mnunuzi mpaka kitu kimekamilika na mnunuzi amejulishwa, isipokuwa kama wenyewe wamekubaliana tofauti. Maana yake mama aliyeshatoa milioni tatu anaweza kuwa hana hata ubao mmoja ulio wake. Anaweza kujilinda kwa kuandika kwamba mbao na vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha yake ni mali yake tangu vinaponunuliwa, na risiti zitoke kwa jina lake. Lakini hapo kuna mtego. Katika sheria hiyo hiyo, hasara kwa kawaida humfuata mwenye mali. Ukichukua umiliki mapema, umechukua na hatari ya moto mapema. Kwa hiyo kifungu kikamilishwe: mali ni ya Mteja, lakini ikiwa uwanjani kwa Fundi, Fundi anawajibika kwa wizi na kwa uharibifu unaotokana na uzembe wake.

Neno la kodi. Mteja akiwa kampuni au mtu anayelipa kwa ajili ya biashara yake, malipo ya huduma kwa mtoa huduma mkazi wa Tanzania hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 inayopelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato. Huduma ya milioni moja, mkononi zinafika 950,000, pamoja na hati ya makato ambayo fundi ataitumia kwenye hesabu zake za kodi. Fundi asiyeambiwa mapema huona ameibiwa. Semeni kwenye mkataba kama bei iliyotajwa ni kabla ya makato au baada yake.

Mwamba chini ya msingi

Kazi ya ziada huvunja urafiki kuliko kitu kingine chochote, na Mwanza tuna mfano wake ardhini. Mtu anajenga kwenye mteremko wa Mabatini au Igogo. Fundi ametoa bei ya kuchimba msingi. Futi mbili tu, sururu inagonga mwamba. Fundi anasema kuvunja mwamba ni hela nyingine; mteja anasema, "Fundi, wewe umezaliwa hapa, hukujua kuna mawe?" Kila mmoja ana hoja.

Mkataba mzuri hautabiri mwamba uko wapi. Unasema ukipatikana nani afanye nini. Vifungu viwili vinatosha. Cha kwanza: hakuna kazi ya ziada itakayoanza kabla Fundi hajaandika ni kazi gani, bei yake na siku zitakazoongezeka, na Mteja kuikubali kwa maandishi, meseji kati ya namba mbili zilizotajwa kwenye mkataba itatosha. Cha pili: bei za vizio zikubaliwe mapema, kiasi gani kwa kila mita ya mwamba itakayovunjwa, kiasi gani kwa tripu ya mawe yatakayosombwa. Mkifika kwenye mwamba mtapima tu, hamtapatana bei upya mkiwa na hasira huku shimo likijaa maji ya mvua.

Fundi akiwa ameambiwa kwa mdomo "weka na dirisha hapo," na akaliweka bila kuandika, ndiye atakayeumia. Ajizoeze kutuma meseji jioni hiyo hiyo: "Bosi, leo umesema niongeze dirisha la sebuleni, ni 180,000 na siku mbili. Nikianza kesho ni sawa?"

Kwa wanaojenga, ujenzi una usajili wake wa makandarasi chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1997. Mtu anayejitambulisha kwako kama mkandarasi, ulizia usajili wake kabla hujaulizia bei.

Muda, na giza la mwezi

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti samaki vizuri, na wavuvi wengi huvuta mitumbwi nchi kavu wakashona nyavu. Kwa hiyo mtumbwi uliochelewa siku kumi unaweza kumkosesha mwenye nao giza zima la mwezi ule, wakati uliochelewa siku hizo hizo katikati ya mbalamwezi haujamgharimu sana. Tarehe ikiwa na uzito wa namna hiyo, mkataba useme hivyo kwa maneno: "Muda ni sharti la msingi la mkataba huu, kwa kuwa Mteja anakihitaji chombo kabla ya giza la mwezi wa saba."

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba kinatofautisha. Muda ukiwa sharti la msingi, ukipita bila kazi kukamilika mteja anaweza kuuvunja mkataba. Usipokuwa sharti la msingi, hana haki ya kuuvunja kwa sababu hiyo, bali anaweza kudai fidia ya hasara aliyoipata. Kuna sehemu ya tatu ambayo karibu kila mteja haijui: ukipokea kazi iliyochelewa bila kutoa taarifa, wakati huo huo wa kupokea, kwamba utadai fidia ya ucheleweshaji, huwezi kuidai tena baadaye. Mama anapochukua mtumbwi wake uliochelewa kwa sababu hana namna nyingine, aandike meseji kabla ya kuushika: "Naupokea, lakini nitadai fidia ya siku kumi na mbili zilizozidi."

Watu hupenda pia kuweka faini za kutisha. "Fundi akichelewa atalipa milioni moja kwa siku." Kifungu cha 74 kinasema kiasi kilichotajwa ni ukomo wa juu tu, anayedai atapata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Faini isiyofanana na hasara yoyote ya kweli itapunguzwa. Wekeni kiasi mnachoweza kukieleza, kama mapato ya usiku mmoja wa uvuvi kwa kadiri ya kawaida, na kiwe na kikomo, tuseme asilimia 10 ya bei yote.

Ucheleweshaji nao una wenyewe wawili. Kama mbao zilikuwa za kuletwa na mteja zikachelewa wiki, siku za fundi ziongezeke wiki. Mvua kubwa na dhoruba vivyo hivyo. Iandikwe.

Kazi isiyoshikika

Kwa wanaouza kazi ya kompyuta, nembo, picha au programu, mambo mengi ni yale yale, ila umiliki ndio unaobadilika sana. Mwenye duka la jumla Makoroboi akimlipa kijana amtengenezee programu ya stoo, hela peke yake haimpi kila kitu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa kawaida mwenye haki ya kwanza juu ya kazi ya ubunifu ni aliyeibuni. Mkataba useme haki zinahamia kwa mteja lini, na mimi ningesema zihame siku malipo ya mwisho yanapofika, siyo kabla. Useme kama mteja anapewa msimbo wenyewe wa programu au ruhusa ya kuitumia tu, kama kijana anaweza kutumia sehemu za kazi hiyo kwa mteja mwingine, na nywila zote zinakabidhiwa kwa nani. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mteja tangu mwanzo. Na marekebisho yawe na idadi: nembo yenye "marekebisho mpaka mteja aridhike" haina siku ya kwisha, na tumeshaona kazi isiyo na mwisho inavyokuwa.

Mkishindwana

Kila upande uweze kutoka, kwa taarifa ya maandishi ya siku saba au kumi na nne, na ielezwe kinacholipwa: hatua zilizokamilika kwa ukamilifu wake, hatua iliyoishia njiani kwa kadiri ya kazi iliyofanyika. Vifaa vya mteja vikabidhiwe. Fundi asimpe fundi mwingine kazi nzima bila ridhaa ya mteja, maana mteja amemchagua yeye. Lakini akiugua, wakubaliane mapema nani anaweza kumalizia.

Kwa ugomvi wa ubora, tajeni mtu mmoja anayeijua kazi hiyo, fundi mzee asiye na undugu na yeyote kati yenu, atakayekuja kuangalia na kutoa jibu. Ugomvi wa mbao unamalizwa na anayejua mbao. Likibaki suala la deni, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita. Msiandike kwamba hakuna atakayekwenda mahakamani kamwe. Kifungu cha kumfungia mtu mlango wa mahakama ni batili, ingawa mnaruhusiwa kukubaliana kwamba mgogoro uamuliwe kwanza na msuluhishi.

Siku ya kusaini

Nakala ziwe mbili, zinazofanana, na kila ukurasa uwekwe saini na pande zote mbili, siyo wa mwisho tu. Nafasi zilizobaki wazi zipigwe mstari. Palipokatwa kwa kalamu, wote wawili waweke saini za kifupi pembeni. Asiyejua kusoma asomewe mkataba wote kwa sauti mbele ya shahidi anayemwamini, aweke dole gumba, na shahidi aandike kwamba umesomwa na ameuelewa. Shahidi wa mteja awe wa mteja, wa fundi awe wa fundi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anafaa, wakili anafaa zaidi fedha ikiwa kubwa.

Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu ndani ya siku 30, kwa mujibu wa Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189. Usipolipiwa haufi, ila mahakama haitaupokea kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe. Orodha ya mbao, michoro na mchanganuo wa bei vibanwe pamoja na mkataba na kutajwa ndani yake kwa jina, kwa sababu karatasi iliyolegea mfukoni ni rahisi kukanwa. Kianzio kitoke baada ya saini ya mwisho, kwa njia inayoacha kumbukumbu, benki au simu. Kama ni taslimu, pale pale kwa risiti iliyoandikwa kwa mkono: tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na hatua inayolipiwa.